Taharuki katika Riwaya na Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaokuja Darasa la Jumamosi, Kigoma

Ukurasa huu umetokana na maswali yale yale ambayo nimekuwa nikiyajibu nikiwa nimesimama mlangoni, daftari kwapani, huku muulizaji akiwahi sokoni. Darasa lenyewe ni dogo: walimu wawili, wanafunzi wachache wa kidato cha tano na sita, fundi simu mmoja, na mama mmoja wa Mwanga, muuza samaki aina ya migebuka, ambaye amesoma riwaya za upelelezi kuliko sisi wote. Tunasoma hadithi za kusisimua, tunatazama filamu za aina hiyo, kisha tunabishana. Majibu yaliyo hapa ni yangu. Mama wa migebuka hakubaliani na angalau mawili kati yake.

Taharuki ni nini hasa?

Tuanze na ngano unayoijua. Wasichana wamekwenda ufukweni, mmoja amesahau kome wake juu ya jiwe, amerudi peke yake kumchukua. Zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo linazunguka kijiji hadi kijiji: likipiga ngoma, binti anaimba ndani, watu wanastaajabu sauti tamu ya ngoma na kulilisha zimwi wali na kuku. Hatimaye linaingia katika kijiji cha wazazi wa binti.

Sasa jiulize ni wapi ulipokuwa ukijikunyata ukiwa mtoto. Si pale zimwi lilipomkamata. Pale ulishtuka tu, mara moja, basi. Ulijikunyata pale zimwi lilipoketi uani kwa mama yake binti na kuomba chakula. Wewe unajua aliyemo ndani ya ngoma. Zimwi linajua aliyemo, lakini halijui liko kwa nani. Mama anasikia sauti, moyo unamdunda, bado hajaamini. Watu watatu, kila mmoja ana kipande chake cha habari, na hakuna aliyeziunganisha isipokuwa msikilizaji asiyeweza kufanya lolote. Na hapo hapo ndipo bibi yangu alipokuwa akiinuka kuchochea moto.

Hiyo ndiyo taharuki: msomaji amepewa habari ya kutosha kuogopa au kutumaini, halafu anacheleweshwa. Ukiiondoa habari, kinachobaki ni kuchoka. Ukiondoa kucheleweshwa, kinachobaki ni mshtuko.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliyaeleza haya kwa mfano wake wa bomu alipohojiwa na François Truffaut mwaka 1962. Watu wanazungumza mezani, ghafla bomu linalipuka: watazamaji wamepata sekunde kumi na tano za mshtuko. Lakini wakiwa wameonyeshwa bomu chini ya meza mapema, na wanajua litalipuka lini, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yatawapa dakika kumi na tano za taharuki. Mfano ni mzuri na unanukuliwa kila mahali. Mimi hupendelea ngoma, kwa sababu bomu halijui chochote, wakati zimwi lina akili na linaweza kugundua.

Kwa hiyo taharuki si mbio na risasi?

Hapana. Mbio ni mbio. Mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa hili kwa vitabu. Umekaa stesheni unamngoja ndugu anayetoka Tabora. Kama huna habari yoyote, unasinzia. Lakini ukisikia treni imeshatoka Uvinza, kisha saa moja ikapita, kisha ya pili, na mtu mmoja pembeni akapokea simu, akanyamaza ghafla na kuondoka bila kuaga, kila dakika inakuwa na uzito wake. Hakuna aliyekimbia, na hakuna bunduki.

Upelelezi, ujasusi, uhalifu: si kitu kimoja?

Ni ndugu wa nyumba moja wanaogombana. Mhakiki Tzvetan Todorov, katika makala yake ya mwaka 1966, alisema riwaya ya upelelezi ya kawaida ina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imeshakwisha kabla ya ukurasa wa kwanza, na hadithi ya uchunguzi, ambayo ndiyo tunayoisoma. Mpelelezi anatembea mbele ili kurudi nyuma. Swali la msomaji ni: nani alifanya, na vipi?

Katika riwaya ya kusisimua hadithi hizo mbili zinagandana. Uhalifu unatokea wakati tunasoma, au unakaribia kutokea, na mpelelezi mwenyewe anaweza kuuawa. Swali linageuka: itakuwaje? Katikati ya aina hizo mbili Todorov aliiweka riwaya ya taharuki, inayouliza maswali yote mawili kwa pamoja.

Kuna na tawi jingine, lile ambalo mhalifu tunamjua tangu mwanzo na tunakaa naye. Patricia Highsmith alilifanya mwaka 1955 katika The Talented Mr. Ripley, na matokeo yake ni ya aibu kidogo: unajikuta unaomba muuaji asikamatwe. Darasani kwetu sura hizo zilituletea ugomvi wa wiki tatu. Fundi simu alikuwa upande wa Ripley na hadi leo hajatubu.

Nianze na kitabu gani cha Kiswahili?

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mpelelezi ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno machache, akiwa na rafiki yake Najum anayeuliza maswali ambayo sisi tungeuliza. Ukiwahi kusoma Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimleta duniani mwaka 1887, utautambua mpango huo mara moja. Lakini usiishie hapo kama wanavyofanya wengi, wakasema "ameiga" na kufunga kitabu. Tazama maiti imekutwa wapi: mzimuni, mahali watu wanapopeleka ubani na hofu zao. Kila mtu kijijini ana maelezo tayari, na Bwana Msa hana budi kupambana na maelezo hayo kabla ya kumfikia muuaji. Upelelezi wake ni mabishano kuhusu nini kikubaliwe kuwa ushahidi.

Baada ya hapo soma Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965. Hapa tumeshatoka kisiwani na kuingia katika mji wa simu, magari na polisi wa cheo. Kisha Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, mwaka 1974, ambamo Willy Gamba ni jasusi, si mpelelezi wa mauaji. Ukivisoma vitatu hivi kwa mpangilio huo, utaona swali likihama polepole kutoka "nani alifanya" kwenda "itakuwaje". Miaka kumi na minne tu.

Kwa nini mnamtaja sana Ben Mtobwa?

Kwa sababu ni mtoto wa mkoa huu, na hatuoni haya. Ben R. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ndiye aliyemuumba mpelelezi Joram Kiango, na ndiye aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko ili vitabu vya namna hii visikae vikingoja hisani ya mtu. Wageni wa darasa hushangaa kwamba mwandishi wa Dar es Salaam Usiku alitoka mwisho wa reli. Mimi sishangai. Aliyekuja mjini akiwa mkubwa ndiye huona taa. Aliyezaliwa chini yake hazioni.

Kwa kujifunza, mchukulieni kama mwalimu wa kufunga sura. Soma mistari mitano ya mwisho ya kila sura, andika pembeni ni habari gani umepewa na ipi umenyimwa. Ukifika sura ya sita utaanza kuuona mkono wake. Mama wa migebuka anasema zoezi hilo linaharibu utamu. Linaharibu kweli, kwa siku mbili hivi.

Niliambiwa shuleni kwamba riwaya pendwa hazina uzito. Mnasemaje?

Hata mimi niliambiwa hivyo, na mwalimu niliyemheshimu, akaninyang'anya na kitabu. Alikirudisha baada ya wiki mbili kikiwa kimekunjwa kona za kurasa, kwa hiyo nadhani naye alikisoma.

Wahakiki wetu hutenganisha riwaya dhati, zile zinazohesabiwa kuwa nzito, na riwaya pendwa, zile za kusisimua na kuburudisha. Utengano huo unasaidia ukitaka kueleza vitabu viliandikwa kwa nani na viliuzwaje. Ukiugeuza kuwa mizani ya thamani, unakupofusha. Chukua Willy Gamba. Maadui zake ni wale waliotaka kuzizima harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Dar es Salaam ya miaka ile ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru walikuwa wakipita mitaani, majasusi pia. Msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji kuaminishwa kwamba nyaraka zinaweza kuibwa na watu kuuawa kwa ajili yake. Hofu ya nchi nzima iliwekwa katika kitabu cha kusomea kwenye basi. Ukitaka kujua watu waliogopa nini mwaka fulani, soma walichokuwa wakikisoma usiku.

Lakini tusiwe mawakili wa kila kitu. Vitabu hivi vina maradhi yake, na ni wajibu wetu kuyataja. Wanawake wengi humo ni mapambo au mitego. Sadfa zinabeba mzigo ambao mtunzi alipaswa kuubeba mwenyewe: shujaa anaingia baa yoyote tu, na adui yuko meza ya pili. Na shujaa wa mfululizo ana tatizo kubwa la taharuki ambalo halina dawa kamili, nalo ni kwamba tunajua hafi, kwa sababu kitabu kinachofuata kimeshatangazwa kwenye jalada la nyuma. Mtunzi hodari huihamisha hofu: hatuogopi kwamba shujaa atakufa, tunaogopa nani atakufa kwa ajili yake.

Filamu nazisomaje? Mimi huziona kibandani tu, na mkalimani anaongea juu.

Hiyo si kasoro, ni somo la bure. Kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kimewafundisha Watanzania wengi filamu kuliko darasa lolote. Mkalimani hatafsiri tu, anatia chumvi, anampa adui jina la utani, anakuonya: "Mwone huyu, anacheka, lakini subirini." Huko kuonya ni kuweka bomu chini ya meza. Filamu ambayo mwongozaji wake alitaka ishtue, mkalimani anaigeuza kuwa ya taharuki kwa sentensi moja. Wakati mwingine anaiboresha. Wakati mwingine anatuibia, kwa kuwa palipokuwa na ukimya uliopangwa yeye amejaza maneno.

Kwa hiyo tazama filamu moja mara tatu. Mara ya kwanza na mkalimani, ufurahi. Mara ya pili na sauti yake ya asili, hata kama huelewi lugha. Mara ya tatu zima sauti kabisa. Andika ni wapi hofu iliondoka na sauti, na ni wapi ilibaki. Iliyobaki ni kazi ya kamera na mhariri.

Mifano ya kuanzia: katika M ya Fritz Lang, ya mwaka 1931, muuaji ana tabia ya kupiga mluzi wimbo mmoja. Baada ya muda kamera haina haja ya kumwonyesha. Mluzi unatosha, na ni mtu kipofu anayemtambua kwa mluzi huo. Ni ngoma ya zimwi tena, sauti inamfichua aliyefichika. Katika Psycho ya mwaka 1960, Hitchcock alitaka kwanza tukio la bafuni lisiwe na muziki; mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika vinanda vya nyuzi vinavyopiga kelele kama ndege, na mwongozaji akabadili mawazo. Itazame bila sauti, uone ni nani alikuwa sahihi. Na katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, hivyo Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha kwa nadra na kuuachia muziki kazi ya kusema "yuko hapa". Mashine ingefanya kazi vizuri, huenda tungeogopa kidogo zaidi ya tunavyomwogopa sangara.

Kwa nini hadithi za mfululizo hukatwa pabaya?

Ili urudi, bila shaka. Wilkie Collins alikuwa akifanya hivyo tangu mwaka 1859, riwaya yake ikitoka kila wiki katika jarida la Charles Dickens. Magazeti yetu yalifanya hivyo, na sasa magrupu ya WhatsApp yanafanya hivyo, na "itaendelea" yao imeudhi watu wazima wenye familia.

Mfano ninaoupenda ni wa redio. Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993, ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia, na ukaonekana umebadili mienendo ya watu. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori asiyeshikika. Wasikilizaji walijua alichokuwa akikifanya njiani, mkewe hakujua, yeye mwenyewe hakujua kilichomngoja. Hebu zihesabu pande hizo. Ni tatu, kama kwenye ngoma.

Kwenye mtihani niandike nini?

Usiandike "mwandishi ametumia taharuki" ukaenda kipengele kingine. Msahihishaji amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia mbili siku hiyo. Sema taharuki inaanza wapi, msomaji anajua nini ambacho mhusika hajui, na inakatika wapi. Kisha itaje mbinu kwa jina lake. Kisengere nyuma, yaani kurudi nyuma kisa, mara nyingi huchelewesha: tumeacha mlango unafunguliwa, tumepelekwa utotoni. Kinaya huzaa hofu pale mhusika anaposema "hapa niko salama" nasi tunajua sivyo. Kidokezo hupandwa mapema na kuvunwa baadaye. Kikivunwa bila kupandwa, hiyo ni sadfa, ipunguzie sifa. Mandhari nayo isisahaulike. Yote haya ni fani, lakini swali la ni nani anayefichwa habari, na kwa nini, litakuvusha hadi kwenye maudhui bila kujilazimisha.

Nataka kuandika yangu. Nianzie wapi?

Anzia mahali ambapo mtu hawezi kuondoka. Ndiyo maana waandishi wa dunia nzima wanapenda treni, nasi tunayo tangu mwaka 1914. Mweke mtu wako behewani Tabora usiku. Ana mfuko ambao hakuufunga yeye. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza: kila stesheni ni nafasi ya kushuka, na kila moja lazima umpe sababu ya kutoshuka. Msomaji ajue kilichomo mfukoni kabla ya Kaliua. Ukimficha hadi Kigoma, umeandika fumbo. Si vibaya, ila si zoezi tulilokupa.

Au nenda ziwani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu hawaingii. Hiyo ni saa ya ukutani iliyotundikwa angani: chochote kinachopaswa kutokea kwenye mtumbwi lazima kitokee kabla mwezi haujakua. Au chukua MV Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Miaka minane ilipita, na injini zilikuwa zimepakwa grisi tayari kwa siku ya kurudi. Sijui unangoja nini zaidi.

Onyo moja tu, kutokana na daftari nilizosahihisha: acheni kumwanzishia kila mhusika simu ya namba asiyoijua. Tumezipokea za kutosha.

Nikiujua mwisho, kuna faida gani kusoma tena?

Watoto hawakuiomba ngano ya ngoma mara moja tu. Mara ya pili unaacha kuuliza itakuwaje, unaanza kuona inafanywaje. Hata hivyo sheria ya darasa ni kali: anayemtaja muuaji kabla wenzake hawajamaliza, ananunua chai ya wote, na vitumbua.

Nikipata kitabu kwenye simu, nikirushe kwenye grupu?

Hapana. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na hata bila sheria, warithi wa waandishi hawa wanaishi. Tunachanga, tunanunua nakala moja, inazunguka kwa zamu.

Umeme ukikatika katikati ya filamu mnafanyaje?

Tunakaa. Imetokea mara nyingi, na mara moja ulikatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango na sisi tukijua aliye upande wa pili. Hakuna aliyeondoka, hata mama wa migebuka, ambaye samaki wake walikuwa kwenye beseni nje na jua linapanda. Tulikaa gizani, mapazia yamefungwa, tukibishana kama angefungua. Umeme uliporudi baada ya saa moja na nusu, fundi simu aliomba turudishe nyuma dakika mbili, kuanzia anapopanda ngazi.